Kwa Nini Mfalme wa Kwenye Hadithi Haongei Kama Sisi?

Wiki iliyopita tulimaliza mambo ya vyakula vya nyongeza kwa mtoto aliyetimiza miezi sita. Wiki hii naomba tutoke kidogo kwenye uji, twende kwenye hadithi. Nimeigawa sehemu sita. Ukichoka acha, utaendelea ukishamlaza mtoto. Ila usiishie njiani, maana mwisho wa safari tunarudi hapa hapa kwetu, Shinyanga na Geita, kwenye jambo ambalo limegharimu maisha ya watu.

SEHEMU YA 1: ILE SAUTI

Chukua zile tamthilia za Kituruki za masultani zilizoingiziwa sauti za Kiswahili. Sultani hamwambii mwanawe "we vipi, mbona umechelewa?" Anamwambia "ewe mwanangu, ni kipi kilichokuchelewesha?" Mtumishi naye hajibu "poa". Anajibu "naam, mtukufu". Jamani, hakuna mtu Kahama wala Katoro anayeongea hivyo. Lakini mtoto wa miaka sita akisikia tu anaelewa papo hapo: huyu ni mtu mkubwa, na haya ni mambo ya zamani.

Bibi naye ni hivyo hivyo. Mchana kutwa anaongea kawaida, anakugombeza umesahau kuanua mahindi. Usiku ukimwomba hadithi anabadilika: "Hapo zamani za kale paliondokea mtu na mkewe..." Hilo neno "paliondokea" hulisikii gengeni. Hakuna anayesema paliondokea nyanya za mia tano. Ila likitoka mdomoni kwa bibi, watoto wote kimya.

Waingereza nao wana sauti yao ya namna hiyo. Kwenye filamu na vitabu vya wafalme, majoka na wachawi utasikia "thou", "thee", "hath". Mwalimu wako wa Kiingereza hakukufundisha maneno hayo, na Waingereza wenyewe hawayatumii wakienda kununua mkate. Pale kibanda umiza DJ anayatafsiri kwa Kiswahili cha mtaani na watu wanacheka, lakini kwenye filamu yenyewe yamewekwa makusudi.

Mimi nitaiita sauti ya kale. Tujiulize imetoka wapi, na inafanya kazi gani kichwani mwa mtu anayeisikia. Historia yake ina mafunzo kwa mzazi yeyote.

SEHEMU YA 2: NENO LA MTOTO LILILOGEUKA NENO LA MFALME

Watu wengi wakisikia "thou" wanadhani ni neno la heshima kubwa, la ikulu. Ukweli ni kinyume kabisa.

Zamani Kiingereza kilikuwa na "wewe" na "ninyi" kama sisi. "Thou" ilikuwa wewe, mtu mmoja. "You" ilikuwa ya watu wengi. Kuanzia miaka ya 1200 wakubwa wa Uingereza, kwa kuiga Wafaransa, wakaanza kumwita mkubwa mmoja kwa ile "ninyi", kama ishara ya heshima. Wafaransa wanafanya hivyo mpaka leo. Basi "thou" ikabaki kwa nani? Kwa mtoto, kwa mtumishi, kwa rafiki wa karibu, kwa mpenzi wako mkiwa wawili. Na kwa Mungu, kwa sababu Mungu ni mmoja na yuko karibu.

Yaani ni neno ambalo mama angemwambia mtoto aliyembeba mgongoni.

Mwaka 1526 William Tyndale alichapisha Agano Jipya kwa Kiingereza. Wakati huo kanisa la Uingereza halikuruhusu Biblia kutafsiriwa hivi hivi, kwa hiyo alichapia Ujerumani na nakala zikaingizwa kwao kwa siri. Inaelezwa kwamba lengo lake lilikuwa hata kijana anayeswaga jembe la ng'ombe ayajue Maandiko kuliko wasomi. Akatumia Kiingereza cha watu wa kawaida, na "thou" ikiwemo. Mwaka 1536 alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto, huko karibu na Brussels.

Mwaka 1611 ikatoka Biblia ya Mfalme James. Ilifanyiwa kazi na wasomi wapatao 47, na sehemu kubwa ya Agano Jipya lao ilifuata maneno ya Tyndale. Kwa hiyo siku ile ile inatoka, lugha yake ilikuwa tayari ya kizamani kidogo. Halafu katika miaka iliyofuata "thou" ikaendelea kupotea mitaani London, kila mtu akawa "you". Ikabaki kwa wanavijiji wa kaskazini na kwa waumini wa madhehebu ya Quaker. Lakini kila Jumapili watu waliendelea kuisikia kanisani.

Matokeo yake unayaona. Neno la nyumbani likisikika kanisani tu kwa miaka 200, linageuka takatifu. Watu walisahau kwamba lilikuwa la jikoni. Maneno yalikuwa yale yale, kilichobadilika ni mahali yalipokuwa yakisikika.

SEHEMU YA 3: WALIOTENGENEZA UKALE

Kuna watu waligundua mapema kwamba ukichovya maandishi yako kwenye lugha ya zamani, msomaji anainamisha kichwa. Mshairi Edmund Spenser alifanya hivyo mwaka 1590 kwenye utenzi wake mrefu wa mashujaa na majini. Alichukua maneno yaliyokuwa yameanza kufa. Mwandishi mwenzake Ben Jonson alilalamika kwamba hiyo si lugha ya mtu yeyote.

Lakini kisa ninachotaka ukikumbuke ni cha James Macpherson wa Scotland. Kuanzia mwaka 1760 alitoa maandishi akisema ameyatafsiri kutoka kwa malenga wa kale aitwaye Ossian, aliyeishi miaka zaidi ya elfu moja nyuma. Yaliandikwa kwa mdundo unaofanana na Biblia, yamejaa ukungu, mashujaa na majonzi. Ulaya nzima ikalia. Napoleon aliyapenda sana.

Msomi mmoja wa London, Samuel Johnson, akauliza swali dogo tu: hayo maandishi ya asili yako wapi, tuyaone? Macpherson hakuyaonyesha. Baadaye, mwaka 1805, kamati iliyoundwa huko Scotland ilitoa taarifa yake. Ilionekana kwamba kulikuwa na nyimbo na visa vya kweli vya zamani alivyovipata, lakini mengi aliyaunganisha na kuyaongezea mwenyewe. Watu walikuwa wameamini kwa sababu yalisikika ya kale.

Shika hapo. Kusikika ya kale na kuwa ya kale ni vitu viwili. Tutarudi kwenye hili.

Sasa waliofuata walikuwa wakweli zaidi, kwa sababu walisema wazi kwamba wanatunga. William Morris, katika miaka ya 1890, aliandika riwaya za nchi za kubuni kwa Kiingereza cha kizamani alichokuwa amekizoea kwa kutafsiri hadithi za kale za Iceland. Wengi wanahesabu hapo ndipo riwaya za kisasa za majoka na falme za kubuni zilipopata sauti yao.

Aliyemsoma Morris na kumpenda ni J. R. R. Tolkien. Huyu mnapaswa kumfahamu kama mama. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Akiwa na miaka mitatu mama yake, Mabel, alimrudisha Uingereza, na baba akafia Afrika Kusini kabla hawajaonana tena. Mabel alimlea peke yake na mdogo wake, akamfundisha kusoma na akamwanzishia Kilatini nyumbani. Mwaka 1904 Mabel alifariki kwa kisukari. Mtoto alikuwa na miaka 12. Insulini ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1922, miaka 18 baadaye. Kila nikisoma habari ya huyu mama nawaza hilo.

Yule mtoto akaja kuwa profesa wa Kiingereza cha kale pale Oxford, naye akawa anawasimulia wanawe hadithi. Moja ya hizo ikawa kitabu mwaka 1937, kisha kikafuata kile kikubwa cha pete mwaka 1954 na 1955. Ukisoma, utaona hakupaka ukale kila mahali. Wale watu wake wafupi wa kijijini wanaongea kawaida kabisa, habari za chai na viazi. Wafalme ndio wanaongea kwa uzito. Rafiki yake C. S. Lewis naye, mwaka 1950, alimaliza kitabu cha kwanza cha Narnia kwa mchezo mzuri: wale watoto wanne wanakua, wanakuwa wafalme na malkia, na ghafla wanaanza kuongea kizamani. Unasikia mwenyewe kwenye mazungumzo yao.

SEHEMU YA 4: SAUTI ILIPOFIKA KWETU

Kabla ya Tolkien kulikuwa na Rider Haggard. Mwaka 1885 alitoa riwaya ya Wazungu wanaotafuta migodi ya Mfalme Sulemani ndani ya Afrika, yenye almasi za kuchota kwa mikono. Alikuwa ameishi Afrika Kusini ujanani. Waafrika wake wanapoongea lugha yao, Haggard anawapa Kiingereza cha Biblia, "thou" na "ye". Wanasikika watukufu, ni kweli. Lakini msomaji wa London alipata picha kwamba hawa ni watu wa enzi za Agano la Kale, wakati mwaka huo huo wa 1885 babu zetu walikuwa watu wa siku zao, wanalima, wanafuga, wanapokea misafara ya biashara na kubishana bei. Kumbe sauti ya kale inaweza kumpa mtu heshima na hapo hapo ikamwondoa kwenye wakati wake.

Kitabu kile kilitafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929, kikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, na kikasomwa sana mashuleni. Miaka 11 baadaye, mwaka 1940, John Williamson akapata almasi Mwadui, hapa hapa Shinyanga. Hakukuwa na mfalme wala mchawi mlangoni. Kulikuwa na mtaalamu wa miamba aliyetafuta kwa miaka na wafanyakazi wenye sululu.

Kiswahili cha hadithi chenyewe kilianza kuingia vitabuni kwa nguvu mwaka 1870, Askofu Edward Steere alipochapisha ngano alizosimuliwa Zanzibar. Kwa Waunguja ile ilikuwa lugha yao ya barazani. Baadaye Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kwa hiyo mtoto wa Kisukuma wa Maswa au Nzega alikutana na "paliondokea" kwenye kitabu cha shule. Yale maneno ya barazani Unguja, yakiwa yamesafiri hadi huku, yakasikika makubwa na ya kale. Ni hadithi ile ile ya "thou".

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, ikaongeza "enenda" na "amin". Ilipotoka Habari Njema miaka ya 1990 kwa Kiswahili chepesi, wazee wengi walishikilia ya zamani. Wanasema ile nyingine haina uzito. Si kwamba wanaielewa zaidi. Ndiyo waliyoizoea kuisikia kwenye ndoa na kwenye misiba.

Na Shaaban Robert je? Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, nchi inayoelea angani. Kule mtu anaitwa Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria, na anajitetea mbele ya mfalme kwa Kiswahili kizito cha kupendeza. Kumbuka mwaka 1951 tuko chini ya Mwingereza. Ukitaka kusema kwamba watawala hawasikii, unasemaje? Unaipeleka nchi angani, unawavika watu majina ya sifa, unaongea kwa sauti ya kale. Aliyekuwa na masikio alisikia. Kwa Shaaban Robert sauti ya kale ilikuwa ngao ya kusemea ukweli.

SEHEMU YA 5: ZA KWETU KANDA YA ZIWA

Sasa tuje nyumbani. Maana mtoto akijua majoka ya Wazungu na asimjue Shing'weng'we, tumemnyima kitu.

Waliokulia Usukumani wanamjua. Lile zimwi lilimeza watu wote na mifugo yote. Akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Nasema tena: mjamzito, peke yake, hana mkunga. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina lenye maana ya mwenye akili na wepesi wa kuelewa. Mtoto alipopata fahamu akauliza, watu wengine wako wapi? Mama akamweleza. Basi kijana akawa anatoka kuwinda, akiua panzi anamletea mama: "Ndiye huyu?" Mama anasema hapana mwanangu, ni mkubwa zaidi. Akiua ndege, analeta. Hapana. Akiua mnyama, hapana. Mpaka siku akakutana na mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, watu wakatoka.

Wengi wanaishia hapo. Lakini katika namna inayosimuliwa sana kuna kipande cha mwisho. Alipokuwa anapasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika, akamlaani, hata akataka kumroga. Kijana hakumuua yule bibi. Alitafuta dawa, akamtibu sikio, likapona. Baada ya hapo ndipo watu wakamfanya mtemi wao.

Hicho kipande naomba msikiache mnapowasimulia watoto. Mtaona kwa nini.

Yupo pia Ng'wanamalundi, mcheza ngoma maarufu wa hapa Shinyanga, anayesimuliwa kwamba alinyoosha kidole miti ikakauka. Watoto wakisikia wanadhani ni wa enzi za Masala Kulangwa. Hapana. Aliishi wakati wa wakoloni, watu wanalipa kodi, na kuna wazee waliomsikia kwa waliomwona kwa macho. Vizazi vitatu tu vimetosha kumfanya wa kale. Inatuonyesha jinsi masimulizi yanavyozeeka haraka kuliko miaka yenyewe.

Na kuna aliyeiandika zamani kwa uangalifu mkubwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kitabu kirefu kwa Kikerewe, kisha akakiweka mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni habari ya mume na mke ambao hawapati mtoto. Ndugu wanamsema mke, mume anakataa kumwacha, wanahangaika pamoja kutafuta tiba. Kadiri unavyosoma unajua jinsi watu walivyosalimiana, walivyolima, walivyopika, walivyolala. Kitereza aliona mambo hayo yanapotea na akataka yabaki. Ukitaka kumjua mtu anayeleta kale kwa uaminifu, ni huyo: anakuonyesha kila kitu, hakutishi kwa chochote. Na akina mama mnaosimangwa kwa kuchelewa kupata mtoto, mwanaume wa kwenye kitabu hicho ana mengi ya kuwafundisha waume wa sasa. Kwenda hospitali ni wote wawili, si mke peke yake.

SEHEMU YA 6: SAUTI YA KALE KWENYE MDOMO WA MWONGO

Hapa ndo nilipokuwa nataka tufike.

Mkoa wetu na wa jirani vinajulikana kwa dhahabu, almasi na pamba. Pia vinajulikana, kwa aibu, kwa mauaji ya bibi vizee wenye macho mekundu na mauaji ya watu wenye ualbino. Na ukiuliza, mtu anakujibu kwa sauti ile ile: "Tangu enzi za wazee wetu..." "Mizimu imesema..." Mpiga ramli chonganishi haongei Kiswahili cha sokoni akiwa kazini. Anabadilisha sauti. Anatumia maneno mazito, ya zamani, nusu huyaelewi. Anajua anachofanya. Msomaji wa Ossian na mteja wa mpiga ramli wananaswa kwa kamba moja: ikisikika ya kale, lazima ni ya kweli.

Tuulize swali la Samuel Johnson: iko wapi tuione? Tangu lini?

Imani potofu kuhusu ualbino zilikuwepo zamani, siwezi kukataa. Lakini hii biashara ya kusema kiungo cha mtu kitakuletea dhahabu au samaki ilianza kujitokeza kwa wingi katikati ya miaka ya 2000. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi kwa sababu ya mauaji hayo. Watafiti walioandika mwaka 2010 kuhusu wachimbaji wadogo na ualbino waliihusisha imani hiyo na mbio za kutafuta utajiri wa haraka machimboni, na waganga waliowauzia wachimbaji matumaini. Kwa hiyo wanaosema ni mila ya mababu wanaivisha joho la babu biashara ya juzi. Masala Kulangwa hakufundishwa hivyo.

Sasa niseme kama muuguzi, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa.

Ualbino ni wa kurithi. Mtoto anaupata pale anapopokea chembe ya urithi kutoka kwa mama NA kutoka kwa baba. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa weusi kabisa na wasijue kwamba wanazo. Kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ualbino. Si laana, si mizimu, na si ushahidi kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Baba unayemkimbia mkeo leba kwa sababu ya rangi ya mtoto, ujue nusu ya jambo hilo umeleta wewe. Mtoto huyo anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, kupimwa macho mapema na kukaa mbele darasani. Ana damu, mifupa na nyama kama za mwanao. Hakuna dhahabu humo.

Macho mekundu ya bibi nayo yana sababu zake. Amepika miaka hamsini kwa kuni mbichi, mabua na vinyesi vya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ongeza vumbi letu la kiangazi. Ongeza ugonjwa wa vikope, unaoambukiza na unaotibika. Huyo bibi alikuwa anakupikia wewe. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya ugali wako. Mpeleke kliniki ya macho, toboa dirisha jikoni, mtafutie jiko lenye moshi kidogo.

Kijana wa kwenye hadithi alilaaniwa na bibi kizee waziwazi, na jibu lake lilikuwa kumtafutia dawa. Hiyo ndiyo hadithi ya wazee wetu. Anayekuja na panga akidai anafuata wazee, muulize ni wazee gani.

Je, nasema tuache sauti ya kale? Hapana kabisa. Mtoto anayesimuliwa hadithi anapata maneno mengi, anajifunza kusikiliza, anajifunza kusubiri. Na mtoto aliyeizoea sauti hiyo mapajani kwa mama, akikua hatishiki nayo kirahisi. Atasikia mtu anaongea kizito na atasema moyoni, hii naijua, hii ni ya hadithi. Asiyewahi kuisikia ndiye anayeganda akikutana nayo kwa mpiga ramli.

Kwa hiyo fanyeni hivi, ni vitu vitatu tu:

1. Simulia. Hata dakika kumi kabla ya kulala, simu ikiwa pembeni. Simulia kwa lugha uliyolelewa nayo, Kisukuma, Kisumbwa, Kizinza, Kiha, yoyote. Usione aibu kwamba ni lugha ya kijijini. "Thou" nayo ilikuwa ya kijijini.

2. Fungua na kufunga. Anza na "hapo zamani za kale" au "hadithi, hadithi", na ukimaliza sema imeisha. Mtoto ajue tumeingia kwenye hadithi na sasa tumetoka. Watu wazima wengi hawajafundishwa mlango wa kutokea uko wapi.

3. Mfundishe maswali matatu kwa kila anayekuja na maneno makubwa: Nani amesema? Tangu lini? Na yeye anapata nini nikiamini? Mtoto wa darasa la tatu anayaweza kabisa. Yamfuate mpaka utu uzima, kwa mganga, kwa anayeuza dawa ya kila ugonjwa, na kwa yeyote anayesema wahenga walisema.

Wiki ijayo tunarudi kwenye ratiba: kuharisha kwa mtoto, lini unatumia ORS na zinki nyumbani na lini unakimbia kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Kwa leo, kamlazeni mtoto. Na kama bibi yuko hapo nyumbani, mwambieni asimulie yeye, nyie mkae chini msikilize.